Samaki Katika Chupa

Watu wa Kasomeno wanamjua samaki. Hapo njia zinaachana: moja inashuka Kasenga kwenye mto Luapula, nyingine inakwenda Pweto kwenye ziwa Mweru. Malori yenye samaki wakavu hupita kwenda Lubumbashi. Basi mtoto wa hapo akisikia kwamba watu wengine hununua samaki wasimle, bali wamtazame tu, hucheka. Asicheke upesi. Kumtazama samaki vizuri ni kazi ya akili, na wengi wanaomfuga hawaiwezi.

Mfano ni betta, samaki mpiganaji wa nchi ya Thailand. Ni mdogo, kama kidole cha mtu. Tangu zamani wenyeji walipiganisha madume na kuwekeana fedha. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa maji wa taifa. Heshima kubwa! Lakini katika maduka mengi ya dunia mheshimiwa huyo huuzwa ndani ya kikombe.

Wauzaji husema: samaki huyu hupanda juu na kuvuta hewa, kwa hiyo maji kidogo yanamtosha. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Juu ya matamvua yake mna chumba kidogo chenye mikunjo, nacho huchukua hewa. Ndiyo maana huweza kuishi katika vinamasi na mashamba ya mpunga. Akizuiwa asifike juu, hufa. Lakini hewa haisafishi maji. Ndani ya kikombe uchafu wake mwenyewe unakuwa sumu.

Wengine humwekea kioo. Dume hutanua mapezi na kufungua matamvua, na watoto hushangilia: ‘Anafurahi!’ Kumbe amekasirika. Anadhani adui ameingia kwake. Akifanyiwa hivyo kutwa nzima huchoka bure, na madume mawili yakiwekwa pamoja hupasuana mapezi, pengine mpaka kufa.

Na huyo mkali ndiye baba mwema. Hupuliza mapovu yenye mate mpaka yawe kiota juu ya maji. Jike likitaga, baba huyaokota mayai kwa kinywa na kuyaweka katika mapovu. Kisha hulifukuza jike, maana lingeweza kuyala. Yai likianguka, hulirudisha. Hukaa hapo mchana na usiku, mpaka watoto waweze kuogelea.

Mtoto wa Kasomeno hana haja ya kwenda Thailand. Ndugu za betta wanaishi katika bonde la mto Kongo, nao huvuta hewa vilevile. Wadogo miongoni mwao hujenga kiota cha mapovu. Atakayemfuga mmoja ampe chombo kipana, majani ya maji, na viluwiluwi vya mbu, ambavyo havikosekani. Asiyeweza kubadili maji amwache bwawani. Akichoka naye, amrudishe palepale alipomtoa. Samaki wa kigeni asimwagwe mtoni kamwe: katika ziwa Victoria sangara walioletwa wakati wa miaka ya 1950 walimaliza aina nyingi za samaki wadogo.

Tena chombo kifunikwe, na nafasi ya hewa iachwe chini ya kifuniko. Wengine wa ukoo huo, mvua ikinyesha, hutoka majini na kutambaa juu ya nchi kavu kutafuta bwawa jingine.