Mikopo ya Halmashauri ni Amana

Iko haki moja ambayo mwananchi wa Mafia anayo juu ya Halmashauri yake, nayo haitokani na hisani ya mkubwa yeyote. Tangu mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazilazimisha Halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Bahari imetuzunguka, lakini sisi ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na sheria hiyo inatuhusu sawasawa na ndugu zetu wa Rufiji na Kibaha.

Maneno "isiyo na riba" yana uzito mkubwa visiwani kwetu. Wako akina mama wasiokaribia mlango wa benki kwa kuichelea riba, hata kama wangekuwa na mali ya kuweka rehani. Kwao hao, mlango wa Halmashauri ndio mlango wa halali ulio karibu.

Lakini fedha zenyewe si nyingi. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 1, fungu la mikopo ni milioni 100 tu, na vijana wa wilaya nzima hugawana milioni 40. Kwa hiyo kila shilingi isiyorejeshwa imenyakuliwa katika mkono wa kikundi kilicho nyuma katika foleni. Serikali ilipoisimamisha mikopo hii nchini kote mwezi wa Aprili 2023, ilikuwa baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kufichua madeni makubwa yasiyolipwa na vikundi visivyoonekana. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hapana budi tukiri kwamba lawama haikuwa ya watumishi peke yao. Baadhi yetu sisi makada tulikuwa wepesi mno kuwapendekeza jamaa zetu, hasa uchaguzi ulipokaribia.

Hebu sasa tutazame kazi zenyewe. Mkulima wa mwani hufunga mbegu kwenye kamba, na baada ya wiki sita hivi huvuna. Mwani uliokaushwa juu ya kichanja, usiochanganyika na mchanga, humpa muuzaji neno la kusema mbele ya mnunuzi. Mvuvi wa pweza asiye na barafu hana neno hilo: jua likipanda, bei ni ile atakayoitamka mwenye kununua. Kichanja na sanduku la barafu ni vitu vidogo, lakini humwachia mzalishaji sehemu kubwa zaidi ya jasho lake. Kinyume chake, mkopo unaofungua genge la nane katika mtaa ule ule, lenye nyanya zile zile, hauongezi ajira hata moja. Huwagawia wenye magenge saba umaskini zaidi.

Afisa Maendeleo ya Jamii ndiye mwenye dhima ya kutambua tofauti hiyo. Naye hataitambua akiwa amekaa Kilindoni. Vikundi viko pia Jibondo, Juani na Chole, mahali ambapo safari hungoja maji kujaa, na afisa asiye na mafuta ya mashine atabaki kuzisoma karatasi. Baraza la Madiwani linapopitisha bajeti, lisione mafuta hayo kuwa ni anasa. Na katika ubao wa kila ofisi ya kijiji libandikwe jina la kikundi, kiasi kilichokopeshwa na kiasi kilichorejeshwa, ili jirani amwulize jirani.

Jambo la mwisho ni wakati. Papa potwe, ambao wageni husafiri kutoka mbali kuja kuwaona, huwa wengi pwani ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari. Kijana aliyekopeshwa mashine ya boti mwezi wa Machi ameanza na deni, na msimu umempita. Madiwani na waulize katika kikao chao kijacho: mikopo ya mwaka jana ilitolewa mwezi gani, na ni watu wangapi, katika kisiwa kipi, ambao leo wanakula kwa kazi iliyotokana nayo?