Peleka Shauri Lako Kabla Kitabu cha Fedha Hakijafungwa

Mkulima wa skimu, wewe ni mfanyabiashara. Huenda hujajiita hivyo, kwa kuwa jina hilo tumezoea kumpa mwenye duka na mwenye lori. Lakini mtu mwenye ng'ombe watatu wa maziwa na ekari mbili za viazi hununua mbegu, mbolea na dawa ya kupe, huuza mali yake sokoni, hulipa ushuru, na mwisho wa mwaka hupata faida ama hasara. Hiyo ndiyo biashara. Nimeanza na neno hili kwa sababu nataka kusema juu ya namna ya kuzungumza na watu tuliowachagua kwa kura. Naona ya kuwa wengi wetu huzungumza nao kama watu wanaoomba sadaka, si kama watu ambao kazi yao hutegemea barabara, soko na ushuru wa haki.

Tazama yanayotokea. Mwakilishi wa Wadi anakuja kwenye mazishi. Watu wanangoja amalize kusema, kisha wanamzunguka pale penye gari lake. Mmoja anataka karo ya mtoto. Mwingine anataka mchango wa harusi. Wa tatu anamwambia kwa sauti kubwa ya kuwa barabara ya kwenda kwenye kituo cha maziwa imeharibika. Mwakilishi anatoa noti mbili tatu, anasema amesikia, na gari linaondoka. Yule wa barabara anarudi nyumbani akiamini ya kuwa amepeleka shauri. Hakupeleka. Hakuna karatasi, hakuna tarehe, hakuna jina, na yule aliyesikia amesikia mambo 30 siku ile. Tena wale waliopokea noti wamejifunga midomo wenyewe, kwa maana ni vigumu kumwuliza mtu juu ya fedha za kaunti ukiwa umekula fedha za mfuko wake.

Wazee wetu waliopata mashamba katika Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, walikuwa na mlango mmoja wa kubisha kwa karibu kila jambo: ofisa wa skimu. Siku hizi milango ni zaidi ya mmoja, na mtu akikosea mlango anaweza kupoteza mwaka mzima. Katiba ya mwaka 2010 iligawa kazi, na serikali za kaunti zilianza baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Ukulima wa mimea na mifugo, minada ya ng'ombe, kuzuia magonjwa ya wanyama, masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika na barabara za kaunti ni kazi ya kaunti. Barabara kuu za taifa ni za Serikali Kuu. Hati za mashamba na madeni ya zamani ya skimu hayako mikononi mwa kaunti. Hayo mpelekee Mbunge wako na ofisi ya ardhi, wala usimchoshe Mwakilishi wa Wadi kwa jambo asiloweza kulikata. Vivyo hivyo usimlaumu Mbunge kwa sababu soko halina choo.

Sasa tuchukue jambo moja linalotugusa wote, mkulima na mwenye duka pia. Ni ushuru wa mazao, ambao wengi huuita sesi. Tuseme lori limebeba magunia 100 ya viazi, na ushuru ni Sh. 40 kwa gunia. (Hesabu hii ni ya mfano tu, kila kaunti ina kiwango chake.) Lori hilo litalipa Sh. 4,000. Wakulima wengine hufurahi wakiona mnunuzi akitoa fedha hizo kizuizini, wakidhani ni zake. Si zake. Alipokuja shambani kwako alikuwa amekwisha kuzipunguza katika bei aliyokutajia. Na kama lori litasimamishwa tena katika kaunti ya pili na kulipishwa mara nyingine, hata hizo utazilipa wewe, ingawa hukuwapo. Yafaa ujue ya kuwa Kifungu cha 209 cha Katiba chasema kaunti isitumie uwezo wake wa kutoza kodi kwa namna inayodhuru biashara kati ya kaunti na kaunti, au inayozuia mali kwenda huku na huku katika nchi.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi sana. Ushuru ukihesabiwa kwa gunia, mnunuzi atapenda gunia kubwa. Lumbesa moja hulipa kama gunia moja la kawaida, kwa hiyo kila debe analoongeza juu yake halilipi ushuru, na wewe hulipwi chochote kwa debe hilo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kipimo cha gunia kisichozidi kilo 50, na kila mkulima anajua jinsi lumbesa ilivyoendelea kuonekana mashambani. Mimi naona ya kuwa hatutaiondoa kwa kuwafukuza madalali peke yake. Kama ushuru ungehesabiwa kwa kilo, mzigo ungepimwa, na mzigo ukipimwa, lumbesa haina faida tena. Hapo pana ombi zuri la kupeleka kwa Bunge la Kaunti, maana kiwango cha ushuru hakikutoka mbinguni. Kimeandikwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, na wanaoipitisha ni watu uliowapigia kura.

Nao hawawezi kuipitisha kwa siri. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti lifanye kazi yake wazi na kuwashirikisha wananchi. Neno hili lilipimwa mahakamani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 ilikuwa batili, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sikushauri ukimbilie mahakamani; kesi ni ghali, na mawakili hawalipwi kwa viazi. Nakuambia tu ya kuwa tangazo la kikao cha maoni, linalobandikwa ukutani kwa msimamizi wa wadi, si jambo la adabu tu. Ni wajibu wa sheria, na kiti kilichowekwa pale ni chako.

Lakini uende kwa wakati wake. Hapa ndipo tunaposhindwa mara nyingi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Watu wengi huanza kulia juu ya barabara mwezi wa Aprili na Mei, mvua inaponyesha na magari ya maziwa yanapozama. Wakati huo kitabu karibu kimefungwa. Chini ya sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa Bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, nao ni wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai ijayo. Mpango wa matumizi hufuata kufikia tarehe 28 Februari, makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili, na kufikia tarehe 30 Juni yawe yamekubaliwa. Maana yake ni kwamba barabara unayotaka itengenezwe baada ya Julai ya mwaka ujao yapasa itajwe mwaka huu, wakati jua linawaka na hakuna anayeikumbuka. Muswada wa Fedha, wenye viwango vya ushuru na leseni, huweza kujadiliwa hata baada ya Juni, kwa hiyo tega sikio kwa tangazo lake.

Tena fahamu jambo hili ambalo wajumbe hawapendi kutueleza. Gavana na mawaziri wake ndio wanaotengeneza makadirio, na Bunge la Kaunti huyachunguza na kuyabadili. Lakini wajumbe wakiongeza fedha mahali pamoja, sheria inawataka wapunguze mahali pengine. Kwa hiyo ukisema tu, "Tunataka daraja," umesema nusu ya neno. Sema na jambo litakalongoja. Skimu inayosema, "Afadhali lango jipya la soko lingoje mwaka mmoja, daraja lijengwe kwanza," imemrahisishia Mwakilishi kazi yake, naye akisimama katika kamati ana la kujibu.

Usiende peke yako. Mwenye duka la dawa za mifugo, mwenye mashine ya kusaga, mwenye lori, akina mama wanaopeleka maziwa alfajiri, wote wanakula katika sufuria moja na wewe. Barabara ikifungwa wiki mbili, mwenye duka anaona upungufu siku ileile unayouona wewe. Kaeni pamoja katika kituo chenu cha biashara na mchague jambo moja, au mawili, si kumi. Na mwenye lori mkae naye mapema. Katika shauri la lumbesa huenda akawa mpinzani wenu, kwa kuwa anafaidika nayo; heri mumsikie mezani kwenu kuliko kusikia maneno yake kwa mara ya kwanza mbele ya kamati.

Kisha andikeni hesabu. Kwa wiki nne mtu mmoja mwaminifu, mwenye daftari na kalamu, aandike magari mangapi yamepita, yamebeba magunia mangapi na ya uzito gani, yamelipa kiasi gani, lita ngapi za maziwa zimeharibika kwa sababu gari halikufika. Msikisie. Msiongeze chumvi. Afisa wa kaunti ana vitabu vya karani wa ushuru, na kama hesabu yenu ni ya uongo ataijua. Swali la kwanza mtakaloulizwa ni hili: tukibadili ushuru, fedha za kusafisha soko zitatoka wapi? Mtu asiye na jibu hapo ataambiwa asante na kurudi nyumbani. Lakini kama daftari laonyesha ya kuwa ushuru wa kilo utaleta fedha zilezile kwa kaunti, au zaidi, kwa kuwa sasa madebe ya juu yanapita bila kulipa, basi mmemletea faida badala ya malalamiko.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti, hata kuomba sheria ibadilishwe. Ombi liandikwe kwa heshima, lielekezwe kwa Karani wa Bunge. Msiandike barua ya kurasa sita yenye historia ya skimu tangu wazungu walipoondoka. Semeni jambo ni nini, mmekwisha kumwona nani na alijibu nini, kama jambo liko mahakamani au haliko, na mwisho semeni waziwazi mnaloomba: "Twaomba ushuru wa viazi uhesabiwe kwa kilo na si kwa gunia." Wekeni majina, namba za kitambulisho, anwani na sahihi au alama ya kidole gumba. Mpeni Mwakilishi nakala mkononi. Nakala nyingine ibaki kwenu, imepigwa mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila mhuri huo mtaambiwa barua haikufika.

Kaunti ina pia Jukwaa la Bajeti na Uchumi, ambamo sheria imeweka nafasi kwa wajumbe wa wafanyabiashara, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Ulizeni katika ofisi ya kaunti ni nani anayewaketia humo wafanyabiashara. Pengine ni mtu wa mjini asiyejua kiazi kinachimbwa mwezi gani. Mwendeeni na daftari lenu.

Kikao kikifika, msemaji awe mmoja. Dakika huwa chache, na nimeona wazee watano wakisimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimshukuru mwenyekiti na kumsalimu kila afisa kwa jina, hata wakati ukaisha kabla ya neno viazi kutajwa. Kama jambo ni maziwa, na anayekamua na kupeleka ni mama, basi mama huyo ndiye aseme. Ataulizwa maswali ambayo mumewe hawezi kuyajibu.

Mkikubaliwa, kazi haijakwisha. Tafuteni jina la daraja lenu katika makadirio yaliyopitishwa, pamoja na kiasi cha fedha. Maneno kama "kuboresha barabara za wadi" hayatoshi, kwa maana wadi ina barabara nyingi na kila kijiji kitasema ni yake. Baada ya Julai mwulizeni msimamizi wa wadi ni lini mkandarasi anaanza. Msipopata jibu, andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ofisi yapaswa kujibu katika siku 21. Na siku Mwakilishi atakapokuja tena mazishini, msimzunguke garini kutaka noti. Mmoja wenu amsalimu na kumwuliza kwa upole barua yenye mhuri wa tarehe fulani imefika kamati gani, na aliandike jibu lake katika daftari.

Daftari lenyewe lauzwa dukani. Mkichagua mwandishi wiki hii, wiki zenu nne za hesabu zitakuwa zimekwisha mwezi ujao, nanyi mtakuwa na la kupeleka.