Fedha ya korosho na kadi iliyopitwa

Minada ya korosho ikishafunguliwa, kwa kawaida mwezi Oktoba, fedha huingia Masasi na Newala kwa mkupuo. Madeni ya dukani na ada za shule zikishalipwa, kinachobaki hutafuta mahali pa kuzaa. Wengine hununua bodaboda, wengine mabati. Vijana hupanda basi kwenda Kariakoo kutafuta kompyuta za mtumba za kufungulia chumba cha gemu. Safu hii leo inawahusu hao, kwani soko hilo lina mtego ambao bei peke yake haiuonyeshi.

Mtego wenyewe ni kiwango cha picha. Gemu huzungumza na kadi ya michoro kupitia kanuni za pamoja, na kwenye kompyuta nyingi kanuni hizo ni DirectX ya Microsoft, iliyoanza mwaka 1995. Ipo pia Vulkan, ya mwaka 2016. Kadi isipotimiza kiwango ambacho gemu inakitaka, mara nyingi gemu haifunguki kabisa, na mteja anarudi na fedha yake.

Kiwango kipya hakiingii sokoni kwa amri. Televisheni za analojia zilizimwa na serikali, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na watu wakalazimika kutafuta ving'amuzi. Kwenye gemu hakuna wa kuzima mtambo. Mtengenezaji huhesabu wateja kwanza. Valve, yenye duka la Steam, hutoa kila mwezi takwimu za kadi walizo nazo wateja wake, na wenye gemu huzisoma kama sisi tunavyosoma bei za mnada. Kadi za zamani zikiwa bado nyingi, gemu mpya huendelea kuzihudumia.

Kiwango kinaweza hata kurukwa. DirectX 10 ilikuja na Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, na haikufanya kazi kwenye Windows XP. Watu walibaki na XP yao, watengenezaji wakabaki na DirectX 9, na wengi waliruka moja kwa moja hadi DirectX 11 ya mwaka 2009. Aliyekimbilia kadi ya DirectX 10 mapema alilipia kitu ambacho gemu chache zilikitumia.

Lakini kuna siku mlango hufungwa. Mwaka 2018 Nvidia ilileta kadi za RTX, zenye uwezo wa kuchora mwanga kwa kufuata miale yake. Kwa miaka kadhaa hilo lilikuwa pambo, ukitaka unalizima. Desemba 2024 ikatoka Indiana Jones and the Great Circle, na Mei 2025 Doom: The Dark Ages, zote mbili haziendi bila kadi yenye uwezo huo. Kutoka pambo hadi sharti, miaka 6.

Mtu ataniambia kwamba vijana wetu bado wanacheza GTA San Andreas, gemu ya mwaka 2005 kwenye kompyuta, isiyodai zaidi ya DirectX 9. Ni kweli. Ila mteja anayerudi kila jioni ni wa mpira, naye anataka vikosi vya msimu huu. FC 25, ya mwaka 2024, inataka DirectX 12. Mpira ndio utakaoamua uhai wa kadi yako.

Hapo hesabu ya uchakavu tuliyofundishwa darasani inafaa. Kwa mfano tu: kadi ya shilingi 300,000 itakayokuingizia fedha miezi 9 inakugharimu zaidi ya 33,000 kwa mwezi, ya 600,000 itakayodumu miezi 24 ni 25,000. Familia ya GTX 10, ya mwaka 2016, inauzwa rahisi kwa sababu yake. Haikujengewa kazi ya miale, na Nvidia iliacha kuiandalia programu mpya za gemu Oktoba 2025. RTX 2060 ya mwaka 2019 naiona salama zaidi. Kadi za mwaka huu waachieni wenye fedha ya kuchezea.

Jihadharini pia na kompyuta nyembamba za ofisini. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za zamani, kwa hiyo ofisi za nje zinazitupa. Ni rahisi, lakini kadi kubwa haiingii ndani ya kasha na umeme wake hautoshi.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji awashe mashine na aandike dxdiag. Ukurasa wa kwanza utaonyesha DirectX 12, naye atakunyooshea kidole hapo. Hiyo ni ya Windows, siyo ya kadi. Fungua ukurasa wa Display, tafuta mstari wa Feature Levels. Ukianza na 12_2, kadi inakijua kiwango kipya chote. Ukianza na 12_1, punguza bei au ondoka.