Jasho la Mchoraji

Mwezi wa Februari 2015, mjini London, picha ya rangi za mafuta ya Gerhard Richter, mchoraji wa Ujerumani, ilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 30. Picha hiyo ya mwaka 1986 haina sura ya mtu wala mti. Ni rangi tupu. Wako watakaocheka. Sisi hatucheki, bali twauliza: faida ni ya nani? Sheria ya Uingereza wakati huo ilimpa msanii fungu kazi yake iuzwapo tena, lakini fungu hilo halikuruhusiwa kuzidi Euro 12,500. Mkulima gani ataridhika kupewa punje, ilhali wengine wanabeba magunia? Ukomo wa namna hiyo haufai. Mwenye jasho apate haki yake.