Testi ya Namba ya Simu Haihitaji Databesi

Wasee wa programu, leo mtanikasirikia lakini lazima niseme: hii tabia ya kulazimisha testi zote zipitie setapu moja inatumaliza.

Najua ilikoanzia. Mtu aliwaambia msirudie msimbo, mkashika kama amri ya dini. Sasa faili moja ya conftest.py imekaa juu kabisa ya mradi, ndani yake kuna fiksha yenye autouse=True: inafungua databesi, inasafisha meza, inaweka wateja watano. Ikishakaa hapo, pytest inaiendesha kwa kila testi iliyo chini yake. Kila testi! Hata ile ya kuangalia kama 0712 inageuka 254712 kabla ombi la malipo halijaenda M-Pesa. Huko ni kupanga tarakimu tu. Databesi ya nini, jamani?

Nimeyaishi. Kazi yangu ya kwanza, testi zilichukua dakika 14. Watu wakaacha kuziendesha kwa mashine zao, wakawa wanasukuma msimbo na kuomba Mungu. Ijumaa moja mtu akaongeza mteja wa sita kwa ile setapu, maana testi yake ya ripoti ilimhitaji. Testi 30 na kitu zikaanguka, kisa zilihesabu watano. Programu yenyewe haikuwa na shida yoyote! Tulikaa ofisini mpaka saa tatu usiku tukitafuta kosa ambalo halikuwepo. Baada ya hapo rangi nyekundu ikawa kawaida, na siku testi moja ilipolia kwa haki, tuliipuuza. Wateja wakakatwa pesa mara mbili.

Sisemi msishiriki kitu. Shirikini namna ya kumtengeneza mteja: fanksheni ndogo, tengeneza_mteja(salio=500), inayomweka kwenye memori basi. Testi ndogo inamtumia hivyo hivyo. Testi ya databesi inamchukua na kumhifadhi yenyewe. Fiksha ya databesi ihamie conftest.py ya folda yake, na anayeihitaji aiite kwa jina.

“Lakini tutarudia mistari.” Rudieni! Mteja ana 500, anatuma 600, anakataliwa: hiyo naielewa hata nikiwa nimebanwa kwa matatu. Ile yenu inanizungusha faili nne nikitafuta “mteja wa tatu” ni nani na ana pesa ngapi.

Hebu leo toa hiyo autouse uendeshe testi zote. Zile ambazo hazitalia, ulikuwa unazifungulia databesi bure.