Waliopona Marburg wana la kuifundisha sayansi

Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia nchini. Mlipuko ulipotangazwa rasmi kuwa umekwisha, tarehe 20 Desemba, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 66, na 15 kati yao walikuwa wamefariki. Takriban wanane katika kila kumi walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao wa hospitali mbili za Kigali. Ugonjwa huohuo uliua watu 227 kati ya 252 huko Uíge, Angola, mwaka 2004 na 2005.

Sifa ya tofauti hiyo iende kwanza kwa madaktari na wauguzi. Dawa ya remdesivir na kingamwili za maabara zilitolewa mapema, na wagonjwa wawili waliokuwa wakipumua kwa mashine waliondolewa mipira wakiwa hai, jambo ambalo Afrika haikuwahi kuliona kwa Marburg. Asije mtu akasema waliopona walizaliwa na damu njema, basi.

Hata hivyo, tiba haijibu kila kitu. Wataalamu wa Kigali walisoma upesi jenomu ya virusi, wakaonyesha kwamba viliruka mara moja tu kutoka kwa mnyama na kwamba vinakaribiana na vile vilivyoonekana Uganda mwaka 2014. Mwili uliovipokea virusi hivyo nao unastahili kusomwa kwa makini yaleyale.

Seli inapovamiwa hutoa interferoni, na hiyo ndiyo mbiu ya mgambo ya mwili. Seli jirani huipokea, kisha vimeng'enya JAK1 na TYK2 huipitisha habari hadi kwenye kiini, ambako mamia ya jeni za ulinzi huamshwa. Marburg inaifahamu njia hiyo vizuri: protini yake iitwayo VP40 hukizuia JAK1 kufanya kazi. Sasa fikiria mtu ambaye njia hiyo ilikuwa na hitilafu tangu kuzaliwa. Mwaka 2020, watafiti waliochunguza wagonjwa 659 waliozidiwa na UVIKO-19 waligundua hitilafu za aina hiyo kwa asilimia 3.5 hivi, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kulazwa kwa maambukizi makali.

Afrika imekwisha kuonyesha thamani yake katika elimu hii ya jeni na kinga. Jeni ya OAS1 hutengeneza protini inayotambua vipande vya virusi ndani ya seli na kuchochea kuharibiwa kwavyo. Wazungu wanaolindwa na aina yake mojawapo dhidi ya UVIKO-19 kali walirithi kipande kirefu cha DNA kutoka kwa binadamu wa kale wa Neanderthal, na ndani yake ilikuwa vigumu kujua ni herufi ipi inayofanya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uligeukia wagonjwa 2,787 wa UVIKO-19 wenye asili ya Afrika, ambao wengi wao wana herufi hiyo bila kipande cha Neanderthal. Jibu likapatikana.

Nairobi nako, katika mtaa wa Majengo, watafiti wa Kenya na Kanada wamewafuatilia tangu miaka ya 1980 wanawake wanaofanya biashara ya ngono, na baadhi yao hawakuambukizwa VVU licha ya kukutana navyo mara nyingi. Siri hiyo kwa kiasi fulani ilionekana katika jeni ya IRF1: wenye aina inayotoa protini kidogo walikuwa salama zaidi, kwa kuwa VVU huitumia protini hiyohiyo kujizalisha. Kinga yenye kelele nyingi si lazima iwe kinga bora.

Rwanda ina sababu ya kusitasita kuchunguza jeni za watu wake, na si sababu ndogo. Wabelgiji walipima pua za watu na kuandika makabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930. Kila Mnyarwanda anajua yalikoishia. Lakini OAS1 haina habari na vitambulisho hivyo. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wanaweza kutofautiana herufi hiyo. Tena wanajenetiki wa Chuo Kikuu cha Rwanda, akiwemo Profesa Leon Mutesa, wamewahi kuchunguza alama zilizoachwa na Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi katika damu ya manusura na watoto wao, kazi nyeti kuliko hii. Na sheria ya mwaka 2021 ya ulinzi wa taarifa binafsi inazihesabu taarifa za kijenetiki kuwa nyeti.

Kikwazo halisi ni idadi. Waliopona 51 hawatoshi kutenganisha athari ya jeni na ile ya umri, dozi au siku ya kuanza tiba. Itabidi Kigali ishirikiane na mkoa wa Kagera nchini Tanzania na Uganda, ambako Marburg pia imewahi kuingia, na pia na miji ya Beni na Butembo nchini Kongo, ambako zaidi ya watu 1,100 walipona Ebola, ndugu wa karibu wa Marburg, kati ya 2018 na 2020. Serikali za Kigali na Kinshasa hazipikiki chungu kimoja siku hizi, kwa hiyo wa kuanza ni vyuo vikuu, kwa ridhaa ya waliopona na sampuli zikihifadhiwa huku huku.