Orodha ya Matajiri: Nani Kawapa Kazi ya Kutupimia Watu?



Mwezi uliopita, baada ya darsa, tulikaa na vijana wetu wa sekondari na wa vyuo tukawaomba kila mmoja ataje mtu ambaye angependa kufanana naye. Wanne walitaja watu ambao hawajapata kuwaona hata kwa mbali, na wote wanne walitoa sababu ile ile: "Yumo kwenye Forbes." Hawakusema kwamba mtu huyo ni mkweli, au ana elimu, au amejenga kitu chenye manufaa. Yumo tu. Hatukuwagombeza, kwa sababu sisi wazazi ndio tunaosambaziana orodha hizo kwenye simu kila mwaka zinapotoka. Lakini hebu tuulizane kwa uwazi: hawa Forbes ni akina nani, na nani kawapa kazi hii?

Jarida hili lilianzishwa New York mwaka 1917 na B.C. Forbes, mwandishi wa habari za fedha aliyetoka Scotland. Mwaka 1918 alichapisha orodha ya Wamarekani 30 matajiri, na wa kwanza alikuwa John D. Rockefeller, aliyekadiriwa kuwa na dola bilioni 1.2. Wazo hilo likalala miaka mingi. Aliyelifufua ni mwanawe, Malcolm, ambaye mwaka 1982 alitoa orodha ya watu 400. Mwaka 1987 ikafuata ya mabilionea wa dunia nzima, ikiwa na majina 140. Ya mwaka 2025 ilikuwa na majina 3,028.

Malcolm mwenyewe alirithi jarida, akaishi kama mtu anayetaka orodha imtazame. Alikuwa na merikebu ya kifahari, akakusanya mayai ya vito ya Fabergé, akanunua kasri huko Tangier, Morocco. Agosti 1989 alisherehekea miaka 70 katika kasri hilo, akaleta mamia ya wageni kwa ndege, kwa gharama iliyotajwa kuwa kama dola milioni 2. Yaani katika nchi ya Waislamu! Baada ya kufa kwake mwaka 1990 akashika mwanawe Steve, aliyegombea kuingia kwenye uchaguzi wa urais wa Marekani mwaka 1996 na tena mwaka 2000. Sera yake kuu ilikuwa kodi moja ya asilimia 17 kwa mishahara, huku faida ya vitega uchumi na urithi visiguswe. Mrithi wa mrithi anaomba urithi usitozwe kodi. Hapo ndipo tunapojua mizani hii ilikuwa mikononi mwa nani.

Mwaka 2014 familia iliuza sehemu kubwa ya kampuni kwa wawekezaji wa Hong Kong. Jina limebaki, na orodha zimebaki, kwa sababu ndizo zinazouza.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tunadanganyika. Tunadhani kuna mtu amefungua sanduku akahesabu. Hapana. Wanachukua hisa zinazojulikana, wanazidisha kwa bei ya soko ya siku moja, na mengine yote, madeni na mali za siri, wanakisia au wanaulizia. Na wakiuliza, wanadanganywa. Jonathan Greenberg, aliyekuwa akiandaa orodha hiyo, alieleza mwaka 2018 kwamba mwaka 1984 alipigiwa simu na mtu aliyejiita John Barron, msemaji wa Donald Trump, akimhakikishia kwamba Trump ana mali nyingi kuliko ilivyoandikwa. Sauti ilirekodiwa. Ilikuwa sauti ya Trump mwenyewe. Greenberg alikiri kwamba hata ile dola milioni 100 waliyomwandikia mwaka 1982 ilikuwa mbali sana na ukweli.

Kwa Fidel Castro wa Cuba mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Kuna miaka walimwandikia tu asilimia fulani ya pato la taifa zima, kana kwamba nchi ni duka lake. Mwaka 2006 walimpa dola milioni 900, akajitokeza kwenye televisheni akasema wakithibitisha atajiuzulu. Mtu anaweza kuwa na maneno mengi dhidi ya Castro, lakini hesabu ya namna hiyo hata mwalimu wa darasa la nne angeirudisha.

Na wa kwetu wamo. Mwaka 2013 Mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudia aliandikiwa dola bilioni 20. Yeye akasema ana karibu bilioni 30, akakata uhusiano na jarida, akalishtaki London kwa kumharibia jina. Kumharibia jina! Kwamba ameitwa mwenye bilioni 20 tu! Walikuja kuelewana mwaka 2015. Kisa cha Qarun kila mtoto wa madrasa anakijua, na hatuna haja ya kukirudia, ila tunauliza ni ugonjwa gani unaomfanya mtu aone bilioni 20 ni tusi.

Hata wahalifu wamewahi kupita kwenye orodha hiyo. Mwaka 2009 alipita Joaquín Guzmán, muuza dawa za kulevya wa Mexico, akawekwa na wenye viwanda kwa dola bilioni 1. Kwa vijana wanaoota ile orodha nyingine ya watu 30 walio chini ya miaka 30, hawa nao waliwahi kuwamo: Martin Shkreli, aliyehukumiwa miaka 7 mwaka 2018, Sam Bankman-Fried, aliyehukumiwa miaka 25 mwaka 2024, na Charlie Javice, aliyepatikana na hatia ya ulaghai mwaka 2025.

Mtu atatuambia: jamani, hao ni waandishi wa habari, wanatusaidia kujua nani ana nguvu. Tunakubali kiasi. Wapo waandishi wa jarida hilo hilo waliofanya kazi ya haki. Mwaka 2017 ndio walioeleza kwamba Wilbur Ross, waziri wa Marekani, alikuwa amewatajia mali ambayo haikuwapo, wakamtoa. Kujua nani anamiliki nini ni jambo zuri. Lakini habari ingeuliza mali imepatikanaje, wafanyakazi wanalipwaje, nani kaumia njiani. Kumpa mtu namba na kumpandisha au kumshusha kama timu ya mpira ni shughuli nyingine.

Sisi Afrika Mashariki tumeona namba hiyo inavyomganda mtu. Mohammed Dewji alipotekwa Dar es Salaam Oktoba 2018, vyombo vya habari vya dunia vilimtaja kwanza kwa cheo cha Forbes, bilionea kijana kuliko wote Afrika. Familia yake ilikuwa inamtafuta mtoto wao. Dunia ilikuwa inamtafuta bilionea. Alhamdulillah alipatikana siku chache baadaye akiwa hai.

Na sisi hesabu tunayo, tena ya zamani kuliko Forbes. Mwaka ukitimia, mwenye mali iliyofika nisabu anaihesabu yeye mwenyewe, hata akiwa peke yake chumbani, ili ajue ni asilimia 2.5 ngapi si zake. Ni hesabu ya kujua unachodaiwa. Ile nyingine inakupanga kwa ulicho nacho.

Kwa hiyo katika mkusanyiko wetu wa familia wa mwisho wa mwaka, mgeni rasmi hatatambulishwa kwa mali yake. Wale vijana wanne tumewapa kazi: Ijumaa ijayo kila mmoja aje na habari za mtu wa mtaani kwetu aliyemlipia ada mtoto wa mwenzake, na aeleze amejuaje. Mmoja ameshauliza, "Na kama mwenyewe hataki ajulikane?" Tumemwambia aje bila jina.

Wabillahi tawfiq.